Mabanio ya Usangu: maswali yanayoulizwa mara kwa mara kuhusu historia yake, kazi zake na maji yanayopita

Maswali haya nimeyaokota kwenye mikutano ya wamwagiliaji, ndani ya mabasi kati ya Chimala na Rujewa, huku kwetu bonde la Usangu mkoani Mbeya, na kwa vijana wanaokuja mashambani kwetu kujifunza kazi. Nimeshika usukani wa lango la banio kwa misimu kadhaa, kwa hiyo pale ninapotoa maoni yangu utayatambua. Jibu linalohitaji jingine nimelielekeza kwa namba ya swali.

## Mambo ya msingi

1. Banio ni nini? Si ndiyo bwawa hilo hilo?

Hapana. Banio ni ukuta mfupi unaokatiza mto ili maji yapande kidogo na kugeukia mfereji ulio ubavuni. Jina lenyewe linajieleza: linabana. Halihifadhi kitu. Maji yaliyopita juu ya ukuta alfajiri ukiwa umelala yamekwenda, huyapati tena.

Bwawa ni ghala. Mtera, kwa mfano, hujaa kufikia kimo cha mita 698.5 kutoka usawa wa bahari, na linaruhusiwa kushushwa hadi mita 690. Katikati ya vimo hivyo viwili kuna maji ya Machi yanayosubiri kutumika Oktoba. Banio halina Oktoba. Lina maji ya leo tu, na swali lake ni moja kila siku: kiasi gani kiende mferejini, kiasi gani kiendelee na mto.

Nasisitiza tofauti hii kwa sababu kwenye mikutano yetu kila ukuta wa mtoni huitwa bwawa, kisha watu wanadai "maji yaliyohifadhiwa" yafunguliwe. Hakuna yaliyohifadhiwa.

2. Banio la zege lina sehemu gani?

Kuna ukuta wenyewe, ambao maji ya ziada humwagika juu yake. Kuna lango la mfereji, bamba la chuma linalopandishwa na kushushwa kwa usukani wa mkono. Pembeni ya ukuta kuna lango la mchanga, linalofunguliwa wakati wa mafuriko ili mto ujisafishe. Chini ya ukuta kuna sakafu ya zege au mawe yaliyofungwa kwenye nyavu za waya, ili maji yanayoanguka yasichimbe msingi. Na mwanzoni mwa mfereji panatakiwa kuwa na kipimio: ubao au ukuta uliochorwa sentimita, unaokuambia maji yana kimo gani na hivyo ni lita ngapi kwa sekunde zinazoingia.

Ukifika kwenye skimu usiyoijua, yaani mashamba yanayogawana maji ya banio moja, tazama vitu viwili kabla ya kusalimia viongozi: kama lango la mchanga limekamatwa na kutu, na kama kipimio kinasomeka. Vitakueleza hali ya skimu ile vizuri kuliko risala ya mgeni rasmi.

3. Maji yetu yanatoka wapi, na yakishatupita yanakwenda wapi?

Yanatoka milimani kusini mwetu, Kipengere, Uporoto na uwanda wa Kitulo. Mito inayotiririka mwaka mzima ni Ruaha Mkuu wenyewe, Kimani, Chimala, Mbarali, na Ndembera unaotokea upande wa Mufindi. Mingine, hasa upande wa Mkoji, hukauka kiangazi sehemu za chini. Kule juu mvua ni nyingi. Huku bondeni ni chache, na zote huja kati ya Novemba na Mei.

Yakivuka barabara kuu ya Tanzania na Zambia, maji hufika kwenye mabanio, mashamba, kisha ardhi oevu ya Ihefu. Ihefu ni kama karai kubwa lenye mdomo wa jiwe: mdomo huo ni mwamba wa Ng'iriama. Maji ya karai yakiwa juu ya mwamba, mto unaendelea. Yakishuka chini yake hata kwa kiganja, mto unakatika, ingawa ndani ya Ihefu bado kuna maji mengi yanayokaushwa na jua. Kutoka hapo ni Hifadhi ya Taifa ya Ruaha, mabwawa ya umeme ya Mtera na Kidatu, na hatimaye mto Rufiji, ambako sasa kuna Bwawa la Julius Nyerere lenye uwezo wa megawati 2,115.

Kwa hiyo lango la banio dogo pale Igurusi au Ubaruku limeunganishwa na kiboko wa Ruaha na taa ya Dar es Salaam, japo si kwa namna rahisi watu wanavyodhani (tazama swali la 9).

## Historia

4. Nani alianza kumwagilia Nyanda za Juu Kusini?

Kilimo cha vinyungu, yaani bustani za mabondeni zinazotumia unyevu na vijito vidogo, ni cha wenyeji tangu zamani, Iringa, Njombe na Mbeya. Mpunga wa majaruba Usangu ni habari ya karibu zaidi. Unahusishwa na Wabaluchi, familia zilizotoka upande wa Irani na Pakistani ya leo na kuweka makazi hapa katika nusu ya kwanza ya karne ya 20. Wao walichimba mifereji kutoka mitoni, na Wasangu pamoja na wahamiaji kutoka milimani wakajifunza na kuzidi. Ukipita Rujewa leo utawakuta wajukuu wao, Wasangu kwa lugha na kwa kila kitu.

5. Banio la asili lilijengwaje?

Nimeshiriki kulijenga nikiwa kijana, nitaeleza nilivyoona. Mto ukishapungua, wanaume wanaingia majini na nguzo za miti mibichi. Zinapigwa kwa mshazari, kichwa kikielekea juu ya mto. Fito zinalazwa na kusukwa katikati ya nguzo. Kisha mawe makubwa kwa nyuma, matawi yenye majani, nyasi na matete, na mwisho udongo wa mfinyanzi unaokanyagwa kwa miguu hadi maji yaanze kupanda. Miaka ya baadaye viroba vilivyojazwa mchanga vilichukua nafasi ya udongo.

Kazi hiyo ilikuwa ya wote wenye majaruba kwenye mfereji. Asiyekuja alituma mtu au alitoa chakula. Na kila mwaka, mafuriko ya kwanza makubwa yaliondoka na banio lote. Watu walilalamika, wakarudi tena mtoni.

Kitu kimoja hatukukithamini wakati ule: lilivuja. Hata likanyagwe vipi, maji yalipenya kati ya fito na mawe, na huyo aliye chini ya mto akapata cha kwake bila kuomba. Shika jambo hili, linarudi kwenye swali la 7.

6. Mashamba makubwa yaliingia lini?

Shamba la mpunga la Mbarali lilijengwa miaka ya 1970 kwa msaada wa China, chini ya shirika la umma la NAFCO, likiwa na takribani hekta 3,200. Kapunga likafuata mwishoni mwa miaka ya 1980 na mwanzoni mwa 1990 kwa mkopo wa Benki ya Maendeleo ya Afrika: takribani hekta 3,000 za shamba la shirika na 800 za wakulima wadogo. Madibira, kwenye mto Ndembera, lilikamilika karibu na mwaka 2000 na lilipangwa tangu mwanzo kwa ajili ya wakulima wadogo. Katikati ya miaka ya 2000 mashamba ya NAFCO ya Mbarali na Kapunga yaliuzwa kwa wawekezaji binafsi.

Mashamba hayo ndiyo yaliyoleta hapa mabanio makubwa ya zege. Yalileta pia vibarua, na vibarua walipojua mpunga wakafungua majaruba yao pembezoni, kwenye maji yanayotoka kwenye mifereji ya kutolea ya shamba. Sehemu kubwa ya wakulima wa Ubaruku wana historia hiyo.

7. Kwa nini mabanio ya asili yalibadilishwa kuwa ya zege, na je, lilikuwa jambo jema?

Hili ndilo swali ninaloulizwa kuliko yote, na jibu lake haliwezi kuwa fupi.

Sababu zilieleweka. Kujenga upya kila mwaka kulichosha watu na kulimaliza miti ya kingo. Banio likibebwa na maji katikati ya msimu, mpunga uliochanua unakufa ukiutazama. Wafadhili na serikali waliona pia kwamba zege lingeongeza kile walichokiita ufanisi: maji yadhibitiwe kwa lango, yanayohitajika yaingie, yasiyohitajika yaende na mto. Tangu miaka ya 1980 skimu moja baada ya nyingine ikapata ukuta wake, kama Majengo na Kimani.

Kwa mkulima aliye kwenye mfereji, faida ni ya kweli. Analala usingizi. Anaweza kuweka kitalu mapema, na gunia linaongezeka. Simsikilizi mtu anayewaambia wakulima warudi kwenye fito na matope.

Lakini ukuta wa zege hauvuji. Banio la asili kiangazi liliweza kuchukua sehemu tu ya mto, kwa sababu halikuwa na uwezo wa kuchukua zaidi. La zege, likiwa na lango la mfereji wazi na lango la mchanga limefungwa, linaweza kuchukua mto mzima hadi tone la mwisho. Watafiti waliofanya kazi Usangu kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1990 walilieleza hili wazi: kuboresha mabanio bila kubadili namna ya kugawana kulihamisha maji kutoka kwa wa chini kwenda kwa wa juu. Hakuna aliyekusudia kuiba. Ila mgao ambao zamani ulifanywa na udhaifu wa fito sasa ulimhitaji mtu ashike usukani na aamue kumwachia jirani asiyemwona.

Nilisimama kwenye ukuta mmoja mwezi wa Septemba, mwaka ambao mvua zilikuwa zimekatika mapema. Upande wa juu maji yametulia, masafi, yanaingia mferejini kwa sauti ndogo. Upande wa chini mawe yamekauka na kambare wadogo wanarukaruka kwenye kidimbwi cha ukubwa wa sinia. Mama mmoja alikuwa amekuja na ndoo kutoka kitongoji cha chini, ametembea kwa mguu zaidi ya saa nzima kuufuata mto hadi alipoukuta umeishia. Hakutugombeza. Aliuliza tu, "Kumbe mnayo?"

Kwa hiyo jibu langu: ukuta ni mwema, na ulijengwa nusu. Nusu nyingine ni makubaliano ya lango, na hiyo haikuwekwa kwenye bajeti.

8. Ruaha Mkuu ulianza kukauka lini?

Ndani ya hifadhi, mwaka unaotajwa ni 1993. Tangu hapo, karibu kila mwaka mto umekatika mwishoni mwa kiangazi, kwa wiki kadhaa na miaka mingine kwa miezi. Viboko hubanana kwenye madimbwi, samaki hufa, na wanyama wanaotegemea mto husambaa.

Mwaka 2001 Waziri Mkuu Frederick Sumaye alitangaza London kwamba Tanzania itahakikisha mto unatiririka mwaka mzima ifikapo 2010. Mwaka huo ulifika na kupita, mto ukiendelea kukatika. Mwaka 2017 Samia Suluhu Hassan, wakati huo Makamu wa Rais, aliunda kikosi kazi cha kuunusuru. Sababu za kukauka ni zaidi ya moja: mabanio, mifereji inayoachwa wazi, mifugo mingi iliyoingia Ihefu miaka ile, kilimo cha kingoni na uharibifu wa vyanzo huko juu. Anayekutajia sababu moja tu, mara nyingi anataja ile isiyomhusu yeye.

9. Je, ni kweli wakulima wa Usangu ndio walisababisha mgawo wa umeme wa miaka ya 1990?

Ndivyo tulivyoambiwa, na lawama hiyo tumeibeba muda mrefu. Kidatu (megawati 204) na Mtera (megawati 80) ndiyo ilikuwa tegemeo la nchi, hivyo Mtera lilipokauka macho yote yaligeuka huku.

Tuangalie hesabu ilivyo. Mtera hujazwa na mafuriko ya masika, si na kijito cha Septemba. Maji ya kiangazi yanayogombaniwa mabanioni ni machache mno ukilinganisha na ghala la Mtera, na bwawa hilo hupokea pia Ruaha Mdogo kutoka Iringa na Kisigo kutoka kaskazini. Uchunguzi wa baadaye ulionyesha kwamba namna mabwawa yenyewe yalivyoendeshwa, yaani kuteremsha maji mengi mapema, ilikuwa na sehemu yake kubwa kwenye tatizo.

Hii haituondolei wajibu. Anayeumia moja kwa moja na lango letu la kiangazi ni kijiji cha chini, Ihefu na hifadhi, kabla ya mtambo wa umeme. Ni vizuri kujua unamdai nani na unadaiwa na nani.

## Matumizi yaliyobadilika

10. Siku hizi banio linatumika kwa nini zaidi ya mpunga?

Kwa karibu kila kitu. Baada ya kuvuna mpunga, maji yale yale yanakwenda kwenye vitunguu, nyanya, maharage na mahindi ya kuchoma. Ng'ombe hunywa mferejini. Watu hufyatua matofali, huoga, hufua. Vijana wengine wamechimba mabwawa ya samaki pembeni. Ukuta wenyewe umekuwa kivuko cha miguu, jambo la hatari masika, na nimeshuhudia pikipiki ikipitishwa juu yake.

Banio lililosanifiwa kwa zao moja na msimu mmoja sasa linafanya kazi miezi 12. Usanifu haukubadilika, kibali cha maji (swali la 13) mara nyingi hakikubadilika, watu ndio waliobadilika.

11. Kwa nini mfereji uachwe na maji kiangazi kama hakuna mpunga shambani?

Kwa sababu ya ndoo. Vitongoji vingi vimekua kando ya mfereji na havina chanzo kingine, kwa hiyo ukifunga lango umefunga bomba la watu.

Sasa tupige hesabu. Mfereji ukibeba lita 200 kwa sekunde, kwa siku unabeba lita 17,280,000, sawa na ndoo 864,000 za lita 20. Kitongoji chenye kaya 300, kila kaya ikichota ndoo 10, kinahitaji ndoo 3,000. Zilizobaki zinapotelea kwenye udongo wa mfereji usiosakafiwa, kwenye magugu na hewani. Mto unakatwa kwa ajili ya ndoo 3,000.

Dawa yake ni visima. Kisima kirefu chenye pampu ya mkono au ya jua kinaruhusu lango kufungwa bila kumwonea mtu. Ukiniuliza fedha za kuokoa Ruaha zianzie wapi, nitasema zianzie kwenye visima vya vitongoji vya mferejini, kabla ya mita moja zaidi ya zege.

12. Na mabanio ya kuzalisha umeme?

Yapo tangu ukoloni. Tosamaganga, kwenye Ruaha Mdogo nje ya Iringa, ni mtambo mdogo wa zaidi kidogo ya megawati moja uliojengwa mwanzoni mwa miaka ya 1950. Mbalizi karibu na Mbeya ni mdogo zaidi. Aina hii huchepusha maji, huyapitisha kwenye mtambo, kisha huyarudisha mtoni. Kwa aliye chini kabisa hakuna kilichopotea. Anayeathirika ni kipande cha mto kati ya banio na mtambo.

Mfano mkubwa ni Kihansi, kwenye milima ya Udzungwa, mpakani mwa Iringa na Morogoro. Maji yanachepushwa juu ya maporomoko na kushuka karibu mita 850 hadi kwenye mitambo ya megawati 180. Mwaka 1996, kazi za ujenzi zikiendelea, chini ya maporomoko waligunduliwa vyura wadogo wa manjano wanaozaa badala ya kutaga, wanaoishi kwenye manyunyu ya maporomoko hayo tu na si kwingine duniani. Banio lilipoanza kazi kati ya 1999 na 2000, sehemu kubwa ya manyunyu ikatoweka. Zikawekwa bomba za kunyunyizia, na vyura 499 wakapelekwa Marekani kulelewa. Porini waliisha, mwaka 2009 wakatangazwa kuwa wametoweka katika mazingira yao. Waliolelewa ugenini walianza kurudishwa Tanzania mwaka 2010, na baadaye kuachiwa tena korongoni.

Naileta habari hii kwa wakulima kwa sababu moja: hata banio linalorudisha kila tone linachukua kitu.

## Kugawana maji

13. Kibali cha maji kinatolewa na nani, na namba ya "lita kwa sekunde" ina maana gani?

Kwetu hutolewa na Bodi ya Maji ya Bonde la Rufiji, yenye makao Iringa, chini ya Sheria ya Usimamizi wa Rasilimali za Maji ya mwaka 2009. Skimu huomba kama umoja, hulipa ada, na hupewa kiwango. Kuchota kwa matumizi ya nyumbani hakuhitaji kibali.

Lita 1 kwa sekunde ni lita 86,400 kwa siku. Wahandisi hukadiria hekta moja ya mpunga kuhitaji kati ya lita 1 na 2 kwa sekunde, kutegemea udongo na wakati. Kibali cha lita 100 kinatosha hekta 50 hadi 100, si 300.

Ugumu ni huu: kibali kina namba moja, mto una namba tofauti kila wiki. Masika namba hiyo haina maana, maji yamejaa. Kiangazi mto wote unaweza kuwa mdogo kuliko kibali. Mwenye kibali akisema "hizi lita ni zangu", anaweza kuwa anadai mto mzima. Ndiyo maana napenda makubaliano ya sehemu, mfano nusu iingie na nusu ipite, kuliko namba peke yake. Sheria yenyewe hutanguliza mahitaji ya binadamu na ya mazingira kabla ya matumizi mengine.

14. Zamu hupangwaje?

Ndani ya skimu, kwa kawaida mgawa maji hugawa kwa mifereji midogo: huyu mchana, yule usiku, au siku kwa siku. Wa mkiani wapewe kwanza, huo ni ushauri wangu. Ukianza na wa kichwani, wa mkiani hupata ahadi.

Kati ya skimu na skimu ndiko kugumu, maana viongozi hawaonani kila siku. Zipo jumuiya za watumia maji za mito kwa ajili hiyo. Mikataba inayodumu niliyoiona ina tarehe, saa, na jina la anayeshika usukani. Isiyo na saa huvunjika wiki ya kwanza.

15. Ule mchezo wa gololi ulikuwa nini?

Mwanzoni mwa miaka ya 2000 watafiti walileta vijijini ubao mrefu uliowekwa mteremko, ukiwa na mto na mifereji. Gololi ni maji, vijiti vidogo ni mabanio. Unaziachia juu, na kila mtu anaweka vijiti vyake kuzigeuzia shambani kwake. Wa juu na wa chini wanabadilishana nafasi. Mzee aliyegombana na jirani kwa miaka anakaa mkiani mwa ubao, anangoja gololi, haziji. Mazungumzo yaliyofuata hapo yalikuwa tofauti na ya mkutano wowote. Mwenye ubao kama huo bado anaweza kuutumia. Fundi seremala yeyote anautengeneza.

16. Kilimo shadidi kinapunguza maji kweli?

Shambani, ndiyo. Unapandikiza miche michanga, mmoja mmoja kwa nafasi, na unaacha jaruba likauke kidogo kabla ya kulowesha tena badala ya kulijaza muda wote. Mbegu kama SARO 5 hufanya vizuri. Magugu yanaongezeka, uwe na kipalizi.

Mtoni, inategemea. Maji uliyookoa yakipelekwa kufungua majaruba mapya, mto haujapata kitu.

## Hali zisizo za kawaida

17. Mto umehama, banio letu liko pakavu. Tufanye nini?

Hutokea hasa pale mchanga ulipojaa juu ya ukuta kwa kutofungua lango la mchanga. Msichimbe kuurudisha mto kwa trekta kabla ya kuita wataalamu wa Tume ya Taifa ya Umwagiliaji na wa bonde. Nimeona mto uliolazimishwa ukarudi masika iliyofuata ukiwa na kipande cha kijiji.

18. Naweza kujenga kibanio changu kwenye kijito kinachopita shambani?

Kijito hakiwi chako kwa kupita shambani kwako. Unahitaji kibali (swali la 13). Pia Sheria ya Mazingira ya mwaka 2004 inazuia shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka kingo za mto ambazo zinaweza kuuharibu. Pampu ndogo nayo ni uchukuaji wa maji. Pampu 40 kiangazi ni banio lisiloonekana.

19. Shamba letu lipo jirani na Ihefu. Tunasikia mipaka imebadilika mara nyingi. Ipi ni sahihi?

Pori la Akiba la Usangu lilitangazwa 1998. Wafugaji waliondolewa Ihefu 2006 na 2007. Mwaka 2008 pori hilo likaunganishwa na Hifadhi ya Taifa ya Ruaha, na kuifanya iwe na zaidi ya kilomita za mraba 20,000. Mwaka 2023 mipaka ikarekebishwa tena na sehemu ya ardhi ikarudi kwa wananchi. Msitegemee simulizi, hata yangu. Ombeni nakala ya tangazo la serikali halmashauri, na mwende na afisa ardhi hadi kwenye bikoni mkazione kwa macho.

20. Kuna mtu hufungua lango usiku. Tuweke kufuli?

Wekeni, lakini muulizeni kwanza. Mara nyingi ni wa mkiani ambaye zamu yake haijafika kwa wiki mbili. Kwenye skimu moja tulibadilisha kufuli mara tatu kabla ya kubadilisha ratiba. Tulipobadilisha ratiba, kufuli lilibaki na funguo yake ikining'inia.

21. Lango limefungwa kabisa ila maji bado yanaingia mferejini. Ni kosa?

Kagua mpira wa chini ya bamba na mchanga uliokaa kwenye kizingiti. Mara nyingi ni jiwe moja limezuia lango lisifike chini. Ondoa, paka grisi kwenye mhimili, jaribu tena. Kisha geuka upande wa pili wa ukuta uone kama lango la mchanga nalo linaachia maji yaende na mto. Kama yote mawili yamefungwa na ukuta wa juu ni mkavu, fungua la mchanga kwa robo mzunguko wa usukani, na uandike kwenye daftari saa uliyofungua.